Kumlinda Mtoto Uwanjani: Mwongozo kwa Walimu wa Michezo, Makocha wa Mitaani na Wazazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayebaki na watoto uwanjani baada ya masomo: mwalimu wa michezo wa shule ya msingi au sekondari, kocha wa timu ya mtaa, na mzazi anayejitolea kuwasindikiza watoto kwenye mashindano. Mifano mingi ni ya Tanzania, ambako mwanafunzi mwenye kipaji hupanda kutoka mechi za shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa katika UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) au UMISSETA (ya shule za sekondari), huku jioni akiichezea timu ya mtaani kwao. Watoto wacheze, tena wacheze sana, kwa kuwa mchezo huimarisha mifupa na moyo wao. Lakini sehemu kubwa ya majeraha yanayowaharibia watoto maisha hutokana na maamuzi ya watu wazima, ama kabla ya mpira kuanza au katika dakika kumi za kwanza baada ya mtoto kuumia, na maamuzi hayo ndiyo yanayoweza kubadilishwa hata pale ambapo hakuna fedha.

Hatua ya kwanza: Teueni mwenye neno la mwisho

Kabla ya kununua bandeji au kuchora mistari ya uwanja, uongozi wa shule au timu umteue mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku ya mechi ni usalama peke yake, na ambaye akisema mtoto atoke, mtoto anatoka bila kocha, mwalimu mkuu wala mzazi kumpinga. Mtu huyo asiwe kocha. Kocha aliye nyuma kwa goli moja dakika za mwisho hawezi kumpima mshambuliaji wake aliyeanguka kwa utulivu ule ule ambao angekuwa nao siku ya mazoezi, hata kama ni mtu mwema anayewapenda wachezaji wake. Anafaa mwalimu mwingine, muuguzi wa zahanati ya jirani, au mzazi aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza kama yale yanayotolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu.

Mteule huyo aandike kwenye karatasi moja jina la kituo cha afya kilicho karibu na la hospitali inayopiga eksirei, gari litakalotumika pamoja na namba ya dereva wake, namba za wazazi wote, na jina la mtu mwenye ufunguo wa geti ikiwa geti hufungwa jioni. Suala la gari lisiachwe hadi mtu aumie. Bodaboda inaweza kumpeleka mtoto aliyeumia kidole. Kwa mtoto mwenye maumivu ya shingo, aliyezimia, au aliyevunjika mguu, bodaboda ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Katika sanduku la huduma ya kwanza kuwe na glavu, shashi, bandeji za kuvutika, plasta, sabuni, mkasi, vibao viwili vya kushikiza mfupa na pakiti za ORS, na pembeni yake madumu ya maji safi na turubai moja imara, ambalo matumizi yake yameelezwa katika hatua ya sita.

Hatua ya pili: Mjue kila mtoto kabla hajavaa jezi

Mwanzoni mwa msimu, kaa na mzazi au mlezi wa kila mtoto umuulize maswali machache na uandike majibu. Je, mtoto ana pumu, kifafa, selimundu, kisukari au mzio wowote? Anatumia dawa gani, na dawa hiyo iko wapi wakati wa mazoezi? Je, amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua akiwa anakimbia? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado hajafikisha miaka 50? Mtoto aliyezimia katikati ya kukimbia asirudi uwanjani hata siku moja kabla ya kuchunguzwa moyo na daktari, hata kama aliamka mwenyewe na kusema yuko sawa. Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza vizuri kabisa mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mwenye neno la mwisho, isiwe imefungiwa bwenini. Mwenye selimundu naye anaweza kushiriki kwa kiwango ambacho daktari wake amekubali, akinywa maji mara kwa mara, akipumzika anapoomba, na asilazimishwe kamwe kumaliza raundi za kukimbia kama adhabu. Taarifa hizi ni siri ya mtoto, hivyo zisisomwe mbele ya wenzake.

Mtoto akianguka ghafla bila kuguswa na mtu, haitiki anapoitwa na hapumui kawaida, chukulia kwamba moyo wake umesimama. Mtu mmoja apige simu na kuita gari, mwingine aanze mara moja kubana katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka kwa takriban theluthi moja ya unene wake, na asiache mpaka msaada ufike au mtoto aanze kupumua. Christian Eriksen alipoanguka akiichezea Denmark jijini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, aliokolewa kwa sababu kifua chake kilibanwa mapema na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa pale pale. Katika viwanja vingi vya shule zetu mashine hiyo haipo, na kwa hiyo mikono ya waliopo ndiyo inayobeba kazi yote.

Hatua ya tatu: Kagua uwanja na magoli

Watoto wajipange mstari mmoja kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, watembee taratibu wakiokota mawe, vipande vya chupa, misumari na mbigili, na watu wazima wafukie mashimo kwa mchanga. Kazi hii ni ya robo saa, na ifanywe kila siku ya mechi, kwa kuwa uwanja wa shule ni njia ya watu na mifugo.

Magoli yanahitaji umakini zaidi kuliko yanavyopewa. Goli la chuma linalohamishika, likiwa halijafungwa ardhini, huangukia mbele linapovutwa au linapokumbwa na upepo, na mtambaa wa panya unapomwangukia mtoto kichwani au kifuani unaweza kumuua. Watoto wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Magoli ya aina hiyo, yakiwemo ya mpira wa mikono, yafungwe kwa vigingi au yawekewe mizigo mizito nyuma, na baada ya mechi yalazwe chini au yafungwe kwa mnyororo ukutani. Mtoto yeyote anayening'inia kwenye goli ateremshwe hapo hapo.

Katika riadha, eneo la kurusha mkuki, tufe na kisahani litengwe kwa kamba, na asiwepo mtu anayevuka au kuokota kifaa kabla ya aliyesimamia kutoa ishara. Kuruka juu kwa kutanguliza mgongo kusiruhusiwe kabisa pale ambapo mtoto anatua kwenye mchanga, kwa sababu mruko huo ulibuniwa kwa ajili ya godoro nene na shingo ndiyo inayotangulia kufika chini. Palipo na mchanga tu, watoto waruke kwa kupitisha mguu mmoja baada ya mwingine na watue kwa miguu.

Hatua ya nne: Linganisha miili, na uwakatae vijeba

Wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kutofautiana sana kwa kimo, uzito na nguvu kwa sababu mmoja ameshabalehe na mwingine bado. Katika mazoezi ya kugombea mpira, wapange kwa umbo na nguvu pamoja na umri. Tofauti hiyo ya kimaumbile inatosha kuwa mzigo. Kuongeza juu yake kijeba, yaani kijana wa miaka 18 aliyepunguziwa umri ili shule ipate kombe, ni kumweka mtoto mdogo mbele ya mwili wa mtu mzima unaokimbia kwa kasi. FIFA ilianza mwaka 2009 kupima vifundo vya mikono kwa picha za MRI katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 ili kuwabaini waliozidi umri, lakini ngazi ya kata haihitaji mashine, kwani mwalimu anayepanga jina la kijeba kwenye orodha anajua anachofanya. Kwa mtazamo wangu jambo hili lihesabiwe kama kosa la usalama wa mtoto kwanza, na la udanganyifu wa michezo baadaye.

Hatua ya tano: Pasha misuli kwa utaratibu unaokinga

Kukimbia kuzunguka uwanja mkiimba, kisha kusimama na kuvuta misuli, huleta umoja wa timu, lakini peke yake hakukingi magoti na vifundo. Utaratibu uliopimwa vizuri zaidi ni ule uitwao FIFA 11+, ambao huchukua takriban dakika 20 na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na alama za kuwekea mistari. Una sehemu tatu: dakika 8 za kukimbia polepole pamoja na kufungua nyonga na kugusana mabega na mwenzako, dakika 10 za nguvu, mizania na kuruka, na dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo. Katika sehemu ya pili mtoto hujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, husimama kwa mguu mmoja, huchuchumaa, huruka na kutua, na hupiga magoti akijishusha mbele polepole huku mwenzake amemshika vifundo vya miguu ili misuli ya nyuma ya paja ipate nguvu.

Matokeo yake yanajulikana. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wasichana wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Jijini Lagos, Nigeria, katika ligi ya vijana yenye mazingira yanayofanana zaidi na yetu, utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha wavulana 416 ulionyesha kwamba timu zilizofuata utaratibu huo zilipata majeraha machache kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mazoea. Kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 kuna utaratibu wao, wenye michezo ya kuruka na kuanguka salama.

Wasichana wanaocheza mpira wa pete na mpira wa kikapu waangaliwe hasa jinsi wanavyotua. Mchezaji wa pete anadaka akiwa hewani na kanuni zinamtaka asimame ghafla, na goti lake likiinama kwa ndani wakati huo, ligamenti ya katikati ya goti inaweza kukatika hata bila kuguswa na mpinzani. Wasichana hupata jeraha hilo mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza michezo hiyo hiyo. Wafundishwe kutua kwa miguu miwili inapowezekana, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea usawa wa vidole vya miguu, na mwalimu asimame mbele yao akiyatazama magoti. Utaratibu ufanywe angalau mara mbili kwa wiki msimu mzima, kwa maana ukifanywa siku ya fainali pekee hauna faida.

Hatua ya sita: Joto na radi

Katika pwani yetu, kuanzia Desemba hadi Machi, joto huambatana na unyevunyevu unaozuia jasho kukauka, na mwili wa mtoto unashindwa kujipoza. Mazoezi yaishe kabla ya saa tatu asubuhi au yaanze baada ya saa kumi na nusu jioni. Maji yapatikane kila baada ya dakika 15 hadi 20, na kumnyima mtoto maji kama adhabu au kama njia ya kumkomaza kukomeshwe. Timu inayotoka mikoa ya baridi kama Njombe kwenda kushindana Tanga au Mtwara inahitaji siku 7 hadi 14 za kuzoea. Ikiwa ratiba hairuhusu, punguzeni muda wa mazoezi ya siku za mwanzo na mwongeze wachezaji wa kubadilishana.

Mtoto anayepepesuka, anayejibu ovyo, anayekuwa mkali bila sababu au anayeanguka akiwa na mwili wa moto yuko katika hatari ya kufa, hata kama bado anatoka jasho. Hapa ndipo turubai linapohitajika: watu wanne walishike pembe, mtoto alazwe katikati, mmwagie maji ya baridi kutoka madumu yote yaliyopo pamoja na barafu ikipatikana, mkiyatikisa maji hayo juu ya mwili wake huku kichwa kikiwa juu ya maji. Mpozeni kwanza, kisha msafirisheni, kwa sababu viungo vya ndani huharibika kwa kadiri ya muda ambao mwili umebaki na joto hilo, na nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua.

Kuhusu radi, kanuni ni fupi. Ngurumo ikisikika, mchezo unasimama, na haurudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Watoto waingie kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa. Mti, turubai la jukwaa na kibanda cha nyasi si kinga. Mwezi Agosti 2020, wilayani Arua nchini Uganda, watoto kumi waliokuwa wameacha kucheza mpira na kujikinga kwenye kibanda walipigwa na radi humo humo wakafariki. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo walimu wa Kagera, Mwanza, Geita na Mara waiweke kanuni hii mbele ya ratiba yoyote ya mashindano.

Hatua ya saba: Kichwa kikigongwa, mtoto anatoka

Mtikisiko wa ubongo ndilo jeraha linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu halitoi damu na mara nyingi mtoto hapotezi fahamu. Tazama kama anashika kichwa, anachelewa kuinuka, anayumba, anakodoa macho, anatapika, au analalamika kizunguzungu, kichefuchefu na mwanga kumchoma macho. Muulize maswali ambayo hayajibiki kwa kubahatisha: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mara ya mwisho? Mlicheza na nani mechi iliyopita, na nani alishinda? Akikosea hata moja, ametoka. Akijibu yote lakini dalili nyingine ipo, ametoka. Mkiwa na shaka, ametoka, na harudi siku hiyo hata akililia kurudi.

Ukali wa kanuni hii una sababu. Ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa haraka na kuua. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 katika mechi ya raga ya shule huko Ireland ya Kaskazini aligongwa kichwa zaidi ya mara moja, akaruhusiwa kuendelea kucheza, akafariki. Mahakama iliyochunguza kifo chake ilitaja pigo la pili juu ya la kwanza. Jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2009 inayomtaka mchezaji kijana anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe na asirudi bila kibali cha mtaalamu wa afya, baada ya mvulana wa miaka 13 kurudishwa uwanjani mwaka 2006 na kupata ulemavu mkubwa, na baadaye majimbo mengine yote yakafuata.

Mpelekeni hospitali mara moja akitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi, akipata degedege, akiona vitu viwili viwili, akipoteza fahamu, akilegea mkono au mguu, au akiwa na maumivu ya shingo. Mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe wala kukalishwa, mtu mmoja amshikie kichwa kisitikisike mpaka wenye utaalamu wafike. Asiyekuwa na dalili hizo asiachwe peke yake, asipewe aspirini, na mzazi aambiwe kwa maandishi nini cha kuangalia usiku. Baada ya siku moja au mbili za kupumzika arudi kidogo kidogo: kwanza kutembea na masomo, kisha kukimbia polepole, kisha mazoezi bila kugusana, kisha mazoezi kamili baada ya kuonwa na daktari. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka siku zisizopungua 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, nami ninashauri hivyo hivyo hapa, ambako daktari wa ubongo yuko mbali.

Watoto wa miaka 10 na chini wasifanyishwe mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Chama cha soka cha Marekani kiliweka katazo hilo mwaka 2015, na hakuna mchezaji anayepoteza chochote kwa kuanza baadaye.

Hatua ya nane: Kifundo, mfupa, jino na kidonda

Kifundo kikiteguka, tamaduni zetu hutuelekeza kwenye maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Kwa siku mbili au tatu za kwanza mambo hayo mawili yaachwe, kwa kuwa huongeza damu na uvimbe ndani ya kiungo. Mtoto aache kucheza, kifundo kifungwe bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto, na kiwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa au nguo iliyolowa maji ya baridi kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Asipoweza kupiga hatua nne, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, apigwe eksirei.

Mkono au mguu uliopinda usinyooshwe uwanjani. Ufungwe jinsi ulivyo kwenye vibao vilivyowekewa nguo, kisha utazame vidole: vikiwa vya baridi, vimepauka au havina hisia, hiyo ni dharura ya saa chache. Ninawaheshimu wazee wanaounga mifupa na ninajua kwa nini familia huwaendea, lakini kiwiko cha mtoto kilichovunjika na kufungwa vibao vya kubana kinaweza kukatiwa damu hadi mkono ukaoza, na mfupa wa mtoto una sehemu ya ukuaji ambayo ikiungwa vibaya kiungo hukua kikiwa kifupi au kimepinda. Hospitali iwe ya kwanza.

Jino la ukubwani lililong'oka lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lioshwe kwa sekunde chache, lirudishwe kwenye tundu lake au litiwe ndani ya maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Kidonda cha uwanja wa vumbi kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kwa wavulana wanaocheza pekupeku, kwa sababu wengi wao hawajaongezewa chanjo tangu utotoni.

Hatua ya tisa: Hesabu mzigo wa wiki nzima

Mwalimu wa shule huhesabu mazoezi yake, kocha wa mtaa huhesabu yake, na hakuna anayejumlisha. Jumlisha. Saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, kwa hiyo wa miaka 12 asizidi saa 12, na siku moja kamili iwe ya kupumzika. Maumivu chini ya pia ya goti au nyuma ya kisigino kwa mtoto anayerefuka haraka ni dalili kwamba mfupa unavutwa kuliko unavyoweza kuhimili; hupona kwa kupunguziwa mzigo, lakini huzidi kwa kufichwa. Diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu isitolewe ili mtoto aweze kucheza fainali, kwani anayehitaji dawa ili acheze ameshajibu swali la kama anafaa kucheza.

Kila jeraha liandikwe kwenye daftari moja: tarehe, umri, mchezo, kiungo kilichoumia, kilichosababisha, na siku mtoto aliporudi. Kila mwisho wa muhula mwenye neno la mwisho, walimu na makocha wa mtaani walisome pamoja. Likionyesha vifundo vitatu vilivyoteguka kwenye kona moja ya uwanja, kona hiyo ifukiwe kabla ya muhula mpya kuanza.